Wenye Miaka Hamsini na Nane

Saa nne kasoro asubuhi walimleta Ambokile Mwasomola, fundi mitambo wa kiwanda cha chai, amelala kwenye machela na huku analalamika kwamba machela ni fupi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia kifundo hadi goti. Siku sita kabla alichomwa na kipande cha chuma, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Ndivyo walivyo wanaume wa huku kwetu. Wakipata mafua hulala siku tatu wakiomba supu, lakini wakichomwa na chuma husema ni mchubuko. Sasa moyo wake ulikuwa unapiga mara mia moja thelathini na nane kwa dakika, na presha imeshuka.

"Sista," aliniambia, "huyu mke wangu anasema nitakufa. Mwambie sina muda huo."

"Nyamaza nikupime," nikamjibu. "Hayo mengine mtamalizana nyumbani."

Mkewe, Tupokigwe, alikuwa amesimama miguuni pake ameshika viatu vya mumewe mkononi, kiatu kimoja kimekatwa kwa kisu ili mguu utoke. Hakucheka. Nilichoma kidole cha mgonjwa, nikachukua tone la damu, nikampa Chekeche.

Chekeche ni kisanduku cheupe kilichobanwa ukutani juu ya kila kitanda cha wodi yetu ya mahututi, hapa Hospitali ya Lusungo, Tukuyu. Nilipoanza uuguzi, sepsisi ilikuwa ugonjwa mmoja. Uambukizo unaingia kwenye damu, mwili unapigana nao mpaka unaanza kujipiga wenyewe, na sisi tulikuwa na jibu moja kwa wote: dripu za haraka, antibiotiki na sala. Wengine waliamka kesho yake wanataka uji. Wengine maji yaleyale yaliwajaa mapafuni, wakafa tukiwatazama. Kumbe yalikuwa magonjwa manne yamevaa shati moja.

Chekeche anapima vitu kumi na viwili kwenye damu, anasoma umri kwenye kitambulisho cha taifa, na baada ya dakika sita anataja kundi. La Kwanza linapewa maji mengi, haraka. La Pili maji kidogo na dawa ya kubana mishipa. La Tatu dawa ya kutuliza kinga iliyopandwa na wazimu. La Nne ni wale ambao miili yao imechoka na maji mengi yatawazamisha. Hao hupewa antibiotiki, nusu dripu na blanketi, na ndugu huitwa. Zamani tulizika arobaini katika kila mia. Sasa tunazika kumi na wanane. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nakichukia kile kisanduku. Nimewatoa wazazi hapa na vichanga vyao mgongoni kwa sababu yake.

Dakika sita zikaisha, Chekeche akaandika: KUNDI LA NNE.

Nikamtazama Ambokile. Alikuwa anamwelekeza mkewe mahali alipoacha funguo za karakana. Mtu wa Kundi la Nne haelekezi funguo. Kisha nikakumbuka kwamba jana yake tu bibi wa miaka sitini na sita, damu yake mbaya kuliko ya huyu, Chekeche alimweka Kundi la Kwanza, na muda ule alikuwa kitanda cha pili anakula ndizi za kuchemsha na kuuliza kwa nini hazina nyama.

Nikafungua orodha ya mwezi mzima. Kundi la Nne lilikuwa na watu tisa. Wawili walipita themanini. Saba walikuwa kati ya hamsini na tano na hamsini na tisa. Nikatazama umri wa Ambokile, ingawa nilishaujua kabla sijautazama.

Hamsini na nane.

Niliishika reli ya kitanda, na Tupokigwe akaniuliza kama mimi nami naumwa.

*

Namba ile naifahamu kama jina langu, kwa sababu mimi ni mmoja wa walioitengeneza.

Miaka ishirini na miwili iliyopita wodi hii ilikuwa na vitanda vinane kwa kanda nzima. Kamati ikapitisha kanuni kwamba aliyezidi miaka sitini asiingizwe. Waliopitisha walikuwa watu wazuri tu, wenye karatasi na kalamu. Hawakuwa wakisimama mlangoni. Mlangoni alikuwa Matroni Kissa Mwambungu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, na mimi Subilaga Mwaitenda pembeni yake na daftari la mapokezi.

"Ana miaka mingapi bibi huyu?"

"Themanini na moja, matroni."

"Humwoni vizuri. Ana hamsini na nane."

Na mimi nikaandika. Siku moja nilimuuliza kwa nini iwe hamsini na nane kila mara. Akasema hamsini na tisa inanuka uongo, na hamsini na tano daktari atacheka. Tukawa tunacheka wenyewe. Ukisikia wodini kwamba fulani kapunguziwa, unajua. Tuliwahi kumpokea mama wa miaka hamsini na nane aliyeletwa na kitinda mimba wake wa miaka hamsini na mitatu, na daktari akatia sahihi bila kuinua kichwa. Ilikuwa huruma, na sitaki leo nijifanye kwamba haikuwa huruma. Wengine walipona, wakaona wajukuu. Wengi walikufa, kwa sababu walikuwa wazee kweli na tuliwajaza maji kama vijana.

Kanuni ilidumu miaka kumi na mmoja, kisha vitanda vikaongezeka ikafutwa. Matroni Kissa akafariki. Daftari zikabaki.

Halafu, miaka sita iliyopita, akaja Dakta Lwitiko Mwakyoma kutoka Dodoma, kijana mwembamba, mpole, ananiamkia kila asubuhi hata tukikutana mara ya tatu. Alikusanya mafaili elfu kumi na mbili ya hospitali yetu kumfundishia Chekeche. Siku moja akaja ofisini kwangu na mchoro.

"Shikamoo, mama. Kuna kitu kinanisumbua. Hapa kwenu watu wa miaka hamsini na nane wanakufa kuliko wa sabini. Je, takwimu hizi ziko sawa?"

Alikuwa ameketi mbele yangu, kalamu mkononi, anasubiri. Wiki ileile jengo jipya lilikuwa linapewa jina la Matroni Kissa. Vitambaa vilishafungwa mlangoni.

"Ndio umri wa presha na pombe, mwanangu," nikasema. "Takwimu zetu ni safi."

Akaandika. Kama nilivyokuwa nikiandika mimi. Hivyo Chekeche akajifunza kwamba mtu wa miaka hamsini na nane akijazwa maji hufa. Baadaye wataalamu waliuita ule mwinuko wa mchoro Kilima cha Hamsini na Nane, kikafundishwa vyuoni. Nilimsikia profesa mmoja redioni akieleza kwamba ni hofu ya kustaafu inayodhoofisha kinga. Nilizima redio, nikaendelea kukunja shuka. Nilijiambia Chekeche ana vitu kumi na viwili vingine vya kutazama, hawezi kuhangaika na namba moja ya umri. Sikuuliza mtu. Aliyelala usimwamshe, wasemavyo, na aliyelala hapo nilikuwa mimi.

*

"Dakta, huyu si wa Nne," nikamwambia Dakta Sekela, daktari wa zamu, mama wa watoto watatu asiyependa maneno mengi.

Alimpima Ambokile kwa mikono yake, akamsikiliza mapafu, akabonyeza kucha. "Kwa macho yangu ni wa Kwanza," akasema. "Lakini macho yangu hayafungui pampu."

Hilo lilikuwa kweli. Pampu ya dripu humsikiliza Chekeche peke yake. Kumpinga kunataka kibali cha jopo la Dodoma, na jopo huchukua saa mbili. Presha ya Ambokile ilikuwa sabini kwa arobaini. Saa mbili hakuwa nazo.

"Ngoja," nikasema. Nikamwomba Chekeche hesabu ya majaribio, damu ileile, umri arobaini na saba. Jibu lilikuja mara moja: KUNDI LA KWANZA.

Sekela akanitazama. Halafu akatazama mlango. "Kitambulisho kinaweza kukataa kusomeka, mama. Hutokea. Tunaingiza umri kwa mkono, maji yanaanza, mtu anapona. Nani atauliza?"

Hakujua anachoniambia. Alikuwa amesimama palepale aliposimama Matroni Kissa, na kwa huruma ileile. Nami nilijua jambo ambalo yeye hakulijua, kwamba Chekeche hujifunza kwa kila mgonjwa. Nikiandika arobaini na saba, uongo mpya unaingia juu ya ule wa zamani. Na wakati naponya mmoja, katika hospitali nyingine kumi kuna mtu wa miaka hamsini na nane anafunikwa blanketi. Kila anayekufa katika Kundi la Nne anamthibitishia Chekeche kwamba alimpanga vizuri.

"Sista," Tupokigwe alisema nyuma yetu, sauti imekauka. "Amenyamaza."

Nikageuka. Ambokile alikuwa hasemi tena habari za funguo.

Niliandika arobaini na saba. Kidole kilienda chenyewe, kwa mazoea ya zamani. Pampu ikafunguka, maji yakaanza kwenda kwa kasi, na nikasimama pale naangalia mfuko unavyonywea. Nilifurahi na nikajichukia kwa pamoja.

"Umemaliza?" Sekela akauliza.

"Bado. Nipe chumba chako, nipige simu."

*

Dakta Lwitiko alipokea kwa furaha. "Shikamoo, mama. Habari za Tukuyu? Mvua?"

"Marahaba. Lwitiko, kaa chini."

Nikamweleza. Sikutafuta maneno mazuri. Nilimwambia kanuni ya sitini, daftari, Matroni Kissa, na siku ya mchoro. Nilimwambia na habari ya arobaini na saba ya asubuhi ile.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nilikaa mbele yako nikakuuliza, mama. Nilitaka kuyatupa yale mafaili. Nikakuamini wewe."

Nilitamani anitukane. Alikuwa kijana wa adabu, na adabu yake iliniumiza kuliko tusi.

"Zima umri," nikasema mwishoni. "Zima sasa hivi."

"Nikizima umri, wazee wa themanini nao watajazwa maji kama zamani. Unakumbuka zamani?"

"Nakumbuka."

"Nikimzima Chekeche kabisa, leo kuna wagonjwa sitini na watatu juu yake katika hospitali kumi na moja. Wengine watoto." Nilimsikia akivuta pumzi. "Nitamfungia Chekeche kwa wenye hamsini na tano hadi hamsini na tisa tu. Hao madaktari waamue kwa macho yao mpaka nijue lipi kweli, lipi uongo. Lakini daftari hazisemi. Nani anaweza kuniambia ni nani hasa alikuwa na hamsini na nane?"

Wauguzi wa meza ile tulikuwa wanne. Watatu tumeshawazika.

"Mimi," nikasema.

"Unajua watakachokufanya?"

"Najua. Tena nina miaka hamsini na nane, Lwitiko. Hii ni ya kweli."

Hakucheka. Saa sita na nusu amri yake ilifika kwenye visanduku vyote. Saa saba presha ya Ambokile ilikuwa mia moja na kumi, na alikuwa anamgombeza mkewe kwa kukata kiatu. Tupokigwe alinishika mikono yote miwili, akapiga magoti hadharani, akasema Mungu anilipe. Nilimwinua haraka. Nilimwambia amshukuru Dakta Sekela, nikaenda kubadilisha mfuko wa dripu.

*

Lwitiko alikuja mwenyewe siku ya pili. Tulikaa wiki mbili ndani ya chumba cha kumbukumbu, mimi, yeye na mafaili mia sita na kumi na manne ya watu wa miaka hamsini na nane. Alikuwa bado ananiamkia kila asubuhi, ila mara moja tu.

Mwanzoni nilitegemea mwandiko na kumbukumbu. Baadaye nikaona tulichosahau kuficha. Kwenye kila faili kuna sehemu ya ndugu wa karibu, na ile hatukuipunguza, kwa kuwa ndugu hakuwa anaomba kitanda. Mgonjwa, miaka hamsini na nane. Mwana wa mgonjwa, miaka sitini na mmoja. Mke wa mgonjwa, miaka sabini na tisa. Tulikuwa waongo wavivu. Kompyuta zote za Dodoma hazikuwahi kusoma mstari ule, kwa sababu hakuna aliyedhani umri wa mtoto unaweza kumweleza daktari chochote. Mia tatu tisini na saba yalikuwa ya uongo.

Lwitiko akamfundisha Chekeche upya. Kile Kilima kikatoweka, mchoro ukalala kama ulivyopaswa kulala. Halafu akarudia hesabu ya kila mtu wa umri ule aliyepangwa Kundi la Nne kwa miaka minne, hospitali zote kumi na moja. Alinisomea bila kuniinulia macho. Waliokufa ambao Chekeche mpya angewaweka Kundi la Kwanza walikuwa mia moja arobaini na wawili.

"Si wote wangepona," akasema. "Kundi la Kwanza nao hufa."

"Wangapi wangepona?"

"Labda mia moja na ishirini."

Alisema labda kwa kunihurumia. Nilimwomba asinihurumie.

Wizara ikaniachisha kazi, na ni haki yao. Kibao cha jina la Matroni Kissa king'olewe ama kising'olewe, bado wanabishana. Mimi nasema wakiache, wamwandike na wale aliowaponya na hawa tuliowaua, wote. Mwanasheria wao alikuwa na barua tayari kwa familia. Nilipewa niisome kabla ya kutia sahihi. Ilisema: "Kutokana na hitilafu ya takwimu za awali."

"Hakuna hitilafu," nikamwambia. "Kuna mimi."

"Mama, barua inatosha. Ukienda mwenyewe unajitafutia matatizo."

Lakini kwetu habari ya msiba haipelekwi kwa barua. Mtu huvaa, huenda, hubisha hodi, hukaa, ndipo husema. Nikaomba orodha. Nilianza na wa wodi yangu, kwa kuwa hao niliwafunika blanketi kwa mikono yangu.

*

Mama Lugano anakaa Kyimo, nyumba ya matofali yenye bustani ya kabichi mbele. Mumewe, Mwalimu Andengulile, alikuwa akifundisha hesabu sekondari. Alikufa kitanda cha nne, mwaka mmoja na miezi miwili uliopita.

Alinitambua kabla sijafika mlangoni. Akaja na mikono miwili, akanipokea mkoba, akawaita wanawe. "Njooni mumsalimie Sista. Huyu ndiye aliyemfumba baba yenu macho." Watoto wakubwa wawili waliniamkia, wakaleta kiti cha mgongo mrefu, kile cha wageni. Chai ikaja, na viazi. Alinishukuru kwa vile nilivyokaa naye siku ile, kwa vile nilivyomshika bega. Nilimwacha akamaliza, kwa sababu kumkatiza kungekuwa kosa jingine.

Kisha nikaweka kikombe chini, nikasema.

Nilisema yote, tangu mlango wa matroni mpaka mchoro wa Lwitiko. Nilisema mumewe alihitaji maji mengi na sisi tukampa nusu dripu. Nilisema niliulizwa ukweli nikaukataa. Sikusema nisamehe. Njiani nilikuwa nimelipanga neno hilo, lakini nilipofika mbele yake niliona kwamba kulisema ni kumwomba kitu tena.

Binti yake mkubwa alisimama, akatoka nje. Mama Lugano aliitazama meza.

"Alikuwa na hamsini na sita," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anaomba maji. Unakumbuka? Mimi nikataka kwenda kumwita daktari. Wewe ukaniambia nisimsumbue, mwili umeshachoka, nimloweshe midomo tu kwa pamba. Nikamlowesha kwa pamba, Sista. Mpaka asubuhi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka bakuli lililokuwa na ile pamba. Nikasema ndiyo, nakumbuka, na machozi yakanitoka, nami nikayaona hayana heshima, nikayafuta.

Huko nje binti yake alikuwa akilia kwa sauti na ndugu yake anamtuliza. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Tuko wangapi?" akauliza.

"Mia moja arobaini na wawili."

"Umekwenda kwa wangapi?"

"Wewe ndiye wa kwanza, mama."

Akasogeza kikombe changu karibu nami.

"Basi maliza chai," akasema. "Utachelewa kwa wenzangu."